Namna ya kuupima mfumo mseto wa uchaguzi kwa kalamu na daftari, kwa mfano wetu wenyewe wa 1963

Hapa Zanzibar uchaguzi ukikaribia tu mabarazani maneno yanaanza, Wete, Chake, Mjini, kote. Huyu anasema tuwe na uwiano, chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake, yule anasema aa mimi nataka mwakilishi wa jimbo langu ninaemjua mpaka mlango wa nyumba yake, halafu anatokea wa tatu anasema basi tuchanganye yote mawili, tufanye mseto, na hapo kila mtu anatulia kama vile jawabu limeshapatikana. Bado halijapatikana jamani. Mifumo mseto iko mingi, na miwili yenye vipande vile vile, kura zile zile na idadi ile ile ya viti inaweza kukupa serikali mbili tofauti kabisa. Ndo mana naandika hii, ili mtu akikuletea pendekezo uweze kulikalia chini mwenyewe ukalipigia hesabu, usisubiri mtaalamu wa kwenye TV akuchambulie. Unataka daftari, penseli na kalkuleta ya simu tu, basi.

Anza kwa kuchora. Usianze na tarakimu. Weka duara moja uandike "kura", la pili "viti vya majimbo", la tatu "viti vya orodha" (hivi ni vile chama kinavyopewa kwa jumla ya kura zake, majina yanatoka kwenye orodha ya chama). Chora mshale kutoka kura kwenda majimboni, mwengine kutoka kura kwenda kwenye orodha. Sasa soma ile sheria au lile pendekezo kwa makini mno utafute kitu kimoja: je kuna mshale unaotoka kwenye majimbo kwenda kwenye orodha? Yaani, wakati wa kugawa viti vya orodha, kuna anaeangalia chama kimeshashinda majimbo mangapi? Kama hakuna, huo ni mfumo sambamba, sehemu mbili zinakwenda kila moja na njia yake, kama Japani ambao wana viti 289 vya majimbo na 176 vya orodha. Kama mshale upo, huo ni mfumo wa fidia, orodha inamjazia aliepunjwa majimboni, kama Ujerumani, New Zealand, Scotland na Lesotho.

Hii tabia ya kuchora vidoto na mishale ukatupa mengine yote sikuitoa kichwani kwangu. Mwaka 1736 Leonhard Euler, mtu wa hesabati, aliulizwa kuhusu mji wa Königsberg uliokuwa na madaraja saba, je mtu anaweza kuyapita yote mara moja moja bila kurudia. Yeye akafuta urefu wa madaraja, akafuta upana wa mto, akafuta nyumba, akabakisha kitu kimoja tu, nini kimeunganishwa na nini, na jawabu likatoka: haiwezekani. Tokea hapo watu wa fani mbali mbali wamekuwa wakikuta jambo hilo hilo. Mwalimu wa kemia alokusomesha skuli atakwambia almasi na ule weusi ulio ndani ya penseli uloshika sasa hivi vyote ni kaboni, atomu zile zile, lakini kwenye almasi kila atomu imeshikana na nne wenziwe pande zote, kwenye penseli imeshikana na tatu kwa bapa kwa bapa, ndo mana moja inakata kioo na nyengine inaacha alama kwenye karatasi. Ukitaka kujua kitu kitafanya nini, kujua kimeundwa na nini haitoshi, tizama vimeshikana vipi. Uchaguzi ni hivyo hivyo na sasa tutauona kwa tarakimu.

Chukua uchaguzi wetu wa Julai 1963, ule wa mwisho kabla ya uhuru wa Disemba 10. Majimbo yalikuwa 31, anaeongoza kura anachukua jimbo. Vyama vilikuwa vitatu: ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata kura asilimia 54 hivi, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 30, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 16. Viti vikatoka ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. ZNP na ZPPP walikuwa pamoja, 12 na 6 ni 18, wakaunda serikali, na alopata zaidi ya nusu ya kura akakaa upinzani. Namna gani? ASP ilishinda kwa kishindo kwenye ngome zake, zile kura za ziada hazikumsaidia kitu maana jimbo ni jimbo ukishinda kwa kura moja au elfu tatu, na huku Pemba alipata kura nyingi tu lakini viti vichache. Naomba ieleweke, sifufui ugomvi wa wazee wetu hapa, yalotokea mnayajua na majumbani mwetu bado kuna wanaoyabeba. Nimeuchagua huu kwa sababu ni wetu, vyama ni vitatu tu na tarakimu zake ni nyepesi kupigia hesabu. Kuanzia sasa nitaviita A (54), B (30) na C (16) tushughulike na hesabu peke yake.

Kabla ya kugawa inabidi ujue kugawa. Njia zinazotumika sana ni mbili na zote ni za kugawanya kwa mfululizo. Ya D'Hondt unazigawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea, unazipanga jawabu zote kutoka kubwa hadi ndogo, zile za juu ndo zinachukua viti. Ya Sainte-Laguë ni hiyo hiyo ila unagawa kwa witiri tupu, 1, 3, 5, 7. Jaribu na viti vinne. Kwa D'Hondt A ana 54, 27, 18, B ana 30, 15, C ana 16, nne za juu ni 54, 30, 27, 18, basi A viti 3, B 1, C patupu. Kwa Sainte-Laguë A ana 54, 18, 10.8, B 30, 10, C 16, nne za juu ni 54, 30, 18, 16, basi A 2, B 1, C 1. Umeona, ya kwanza inambeba mkubwa kidogo, ya pili inamkumbuka mdogo. Viti vikiwa vingi tofauti inapungua, kwenye mfano wetu mkubwa huko mbele zote mbili zinatoa jawabu moja, nimezijaribu zote.

Na hapa kuna jambo mimi napenda sana kuwaonesha wanafunzi. D'Hondt alikuwa mwanasheria wa Ubelgiji, aliitoa njia yake 1878 kwa ajili ya vyama. Lakini Thomas Jefferson alishatoa hesabu hiyo hiyo 1792 kule Marekani, yeye alikuwa anagawa viti vya Bunge kwa majimbo ya nchi kwa idadi ya watu, vyama hakuvifikiria kabisa. Sainte-Laguë, Mfaransa wa hesabati, 1910, njia yake ni ile ile ya Daniel Webster wa 1832. Shida mbili ambazo kwa macho hazifanani, huku watu wa jimbo huku wapiga kura wa chama, kumbe ndani umbo ni moja, vitu vizima vichache kugawiwa wenye hisa zisizo nzima. Ukishalijua umbo hilo utaligundua hata kwenye kugawa walimu wapya kwa skuli za wilaya kwa idadi ya wanafunzi.

Haya, sasa tuongeze viti 19 vya orodha juu ya vile 31, jumla 50. (Nimechagua 50 kwa wepesi wa hesabu tu. Kwa baraza la kweli witiri ni salama zaidi, Januari 1961 tulikuwa na viti 22 na kambi mbili zikagota 11 kwa 11, ikabidi Juni uchaguzi urudiwe na kiti kiongezwe viwe 23.)

Jaribio la kwanza, sambamba, hakuna mshale. Zigawe zile 19 peke yake kwa 54, 30, 16. Inatoka A 10, B 6, C 3. Jumlisha na majimbo: A 23, B 18, C 9. B na C pamoja wana 27, bado ndo serikali, na A mwenye asilimia 54 ya kura bado yuko nje.

Jaribio la pili, fidia, mshale upo. Hapa hugawi 19, unagawa zote 50 kwanza ujue kila mmoja alistahiki ngapi: A 27, B 15, C 8. Halafu unatoa alivyokwishashinda majimboni. A 27 kutoa 13 anapewa 14, B 15 kutoa 12 anapewa 3, C 8 kutoa 6 anapewa 2. Jumla 19, imekaa sawa sawa. Baraza linakuwa A 27, B 15, C 8 na serikali ni ya A peke yake.

Rudia kusoma hapo. Kura hazikubadilika hata moja, majimbo ni yale yale, viti vya orodha 19 kote, baraza 50 kote. Kilichoongezwa ni mshale mmoja, na serikali imebadilika mkono.

Kwa hiyo mtu akikwambia "tutaongeza viti vya uwiano" muulize vinagawiwa kwa kuangalia majimbo au bila. Mfano wa karibu tunao. Viti maalum vya wanawake kwenye Bunge la Muungano vinagawiwa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge, kwa kadiri ya kura hizo, na hakuna anaekata kwa sababu umeshashinda majimbo mengi. Chora mishale yake utaona, sehemu hiyo inakwenda sambamba. Kazi yake ni kuwaingiza wanawake, na hiyo inaifanya, lakini usiitegemee isawazishe kura na viti. Ukimaliza ufungue Katiba ya Zanzibar ya 1984 kwenye viti vya wanawake vya Baraza la Wawakilishi ufanye mchoro huo huo.

Sasa watu wengi wakishafika hapa wanauliza, je viti vya orodha viwe vingapi, na wanadhani vikiwa vingi ndo uwiano. Tufanye hesabu. Fidia yenye viti 4 tu: A anavichukua vyote vinne mana ndo aliepunjwa, anafika 17 kati ya 35, wenziwe 18, haikutosha. Viti 5 anakuwa na 18 kwa 18, mmegota. Viti 6 anafika 19 kati ya 37, tayari ana wingi. Viti sita! Na ule wa sambamba hata kwa 19 haukufika. Ungehitaji kama 60 hivi, yaani karibu mara mbili ya majimbo yenyewe, ndo A apate wingi, kwa sababu kwenye kila viti mia vya orodha yeye anapata 54 na wenziwe 46, anawasogelea kwa 8 tu, na alikuwa nyuma kwa 5. Mimi hesabu hii ndo ilionifanya niache kuuliza "viti vya orodha vingapi" mwanzo. Nauliza mshale kwanza, idadi baadae.

Ule mshale kazi yake ni kurekebisha, na watu wa bayolojia wanaujua siku nyingi. Sukari ikipanda kwenye damu kongosho linatoa insulini, sukari inashuka, insulini nayo inapungua. Kilichozidi chenyewe ndo kinatoa taarifa ya kupunguzwa. Fidia iko hivyo, chama kikizidisha majimbo orodha inakipunguzia, kikipungukiwa inakijazia. Na kama ilivyo kwa mwili, taarifa isipofika, au ikifika ikawa ya uongo, kila kitu kinaharibika, hilo tutalirudia baadae kidogo.

Kuna mambo mawili ya kuandika pembeni ya mchoro wako, sitakaa sana hapo. Kizingiti: Ujerumani na New Zealand chama kinatakiwa kifike asilimia 5 ndo kiingie kwenye orodha, au kishinde majimbo (New Zealand moja, Ujerumani matatu). Weka kizingiti cha 20 kwenye mfano wetu uone C anavyopoteza orodha. La pili ni viti vilivyozidi stahiki, pale chama kimeshinda majimbo mengi kuliko fungu lake lote. Ujerumani walikuwa wanawaachia na kuwaongezea wengine mpaka Bunge la 2021 likafika watu 736 wakati limepangwa 598. Wakabadilisha sheria 2023, sasa ni 630 haizidi, lakini gharama yake ni kwamba 2025 kuna washindi 23 wa majimbo walioongoza kura na hawakupata kiti. Kwetu sisi sijui nani angeweza kusimama jimboni akawaambia watu hilo.

Hatua ya mwisho ndo kubwa kuliko zote na pendekezo lolote lisilopita hapa mimi silikubali: jaribu kulivunja. Kaa kama chama kinachotaka kuiba kihalali. Tuseme mtu anapiga kura mbili, moja ya mgombea wa jimbo, moja ya orodha. Chama B kinawaambia watu wake, majimboni nichagueni mimi, kwenye orodha mchagueni rafiki yangu D. D ni chama cha kivuli, hakina jimbo hata moja. Piga hesabu. B ana majimbo 12 na kura za orodha sifuri, hivyo 12 zake zinatoka nje ya mgao. Zinabaki 38 za kugawa kwa A 54, D 30, C 16. Kwa Sainte-Laguë inatoka A 21, D 11, C 6. A ana majimbo 13 anaongezewa 8, D anapata 11 zote za orodha, C ameshatimiza 6 zake. Sasa jumlisha B na kivuli chake: 12 na 11 ni 23. Mwenye asilimia 30 ana viti 23, mwenye asilimia 54 ana 21. Ni kubaya kuliko hata sambamba! Na vyama vyote vikishajanjaruka vikafanya hivyo hivyo, majimbo yote 31 yanatoka nje ya mgao, zinabaki 19 zinazogawiwa peke yake, A 10, B 6, C 3, yaani mmerudi kule kule kwenye jaribio la kwanza. Katiba bado imeandikwa fidia lakini ule mshale umeshakatwa.

Haya yametokea hapa hapa Afrika. Lesotho mwaka 1998 chama cha LCD kwa kura asilimia 60 hivi kilichukua viti 79 kati ya 80, nchi ikawaka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wakakaa wakatengeneza fidia, 2002 wakaingia na viti 80 vya majimbo na 40 vya orodha. LCD ikazoa karibu majimbo yote tena lakini zile 40 zikaenda kwa vyama vyengine, bungeni pakawa na sauti nyingi na mambo yakatulia. Halafu 2007 wakubwa wakajifunza. LCD ikaungana na chama kidogo NIP, ambacho hakikushinda jimbo hata moja na kikapata viti 21 vya orodha, na upande wa pili nao chama cha ABC wakafanya hivyo hivyo na chama kidogo LWP. Korea Kusini ilikuta jambo hilo hilo 2020, vyama vikubwa viwili kila kimoja na kivuli chake.

Walichofanya Lesotho kuanzia uchaguzi wa 2012 ni kufuta kura ya pili. Unapiga kura moja, inahesabiwa jimboni, na hiyo hiyo inahesabiwa kwa chama cha mgombea kwenye orodha. Chora uone: taarifa ya jimbo na taarifa ya orodha zinatoka mlango mmoja, hakuna pa kumficha D. Mfano wetu wa 1963 tuliufanya hivyo hivyo bila kusema, kura moja imetumika pote. Ila inakuja na bei. Ukimpenda mgombea wa jimbo lako kwa utu wake na chama chake hukitaki, huna njia, ukimpa yeye umekipa na chama. Na bado kuna mtego wa mgombea kusimama kama "huru" huku wote mnajua ni wa nani, huyo akishinda kiti chake hakikatwi kwa yoyote, kwa hiyo ukisoma sheria ya kura moja nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha wagombea huru.

Na unapofanya haya mazoezi na wenzako baraza au darasani usichukulie kwamba tarakimu za 1963 zingekuwa hizo hizo kama mfumo ungekuwa mwengine. Vyama vingesimamisha watu tofauti, muungano ungekuwa tofauti, hata watu wangepiga kura tofauti. Hesabu inakwambia mfumo unazifanyia nini kura ukishazipata, haikwambii historia ingekwendaje. Mimi kwa hapa kwetu, visiwa ambavyo mara nyingi kura zinakaribiana na viti vinakaa kiupande upande, ningechagua fidia, kura moja, na viti vya orodha angalau robo ya baraza. Mwenye mchoro wake mwengine auweke hapa na tarakimu zake, tuujaribu kuuvunja pamoja.